Udongo wa Gereji

"Mimi udongo unanitii," alijisifu mjane wa fundi magari, "ingawa hata magugu hunifia."

Shemeji yake, mtaalamu wa udongo, alikuwa amemwagiza aupindue kila siku udongo wa gereji uliolowa oili, bakteria wanaokula oili hiyo wapate hewa. Bila hewa vimeng'enya vyao, vile visu vyao vya kukatakata mafuta, havifanyi kazi, na harufu haiishi.

Tangu mazishi mjane hakulia wala hakucheka. Alikuwa ganzi tupu. Kitu pekee cha mumewe kilichobaki ni harufu ile, na hakutaka mtu aimalize.

"Umepindua, shemeji?"

"Kila siku. Mgongo uko hoi."

Shemeji akashika jembe. Utando ulitanda kutoka mpinini hadi dirishani.

"Na huyu buibui mnalima naye kwa zamu?"