Masizi Kisimani

Kisima cha bondeni kilikuwa na mwiko mmoja tu, na aliyeusimamia ni Agnetha, kama mama mkwe wake alivyousimamia kabla yake. Chombo kilichokaa motoni hakigusi maji yale. Chungu, sufuria, hata kopo lililowahi kuchemshia uji, likiwa na masizi kiasi cha ukucha, linabaki juu kwenye majani. Watu waliamini kwamba masizi yakiingia, maji yanaondoka yasirudi tena. Basi kila asubuhi Agnetha aliketi juu ya jiwe, kanga ya pili mabegani kwa ajili ya umande, akipindua ndoo za watu na kuzikagua matako kama mnunuzi anavyokagua meno ya ng'ombe.

Siku moja jirani yake Ritha alipasukiwa na ndoo, akaja na sufuria ya ugali.

"Mama Mihayo, nimeisugua kwa mchanga mpaka vidole vinauma."

"Na hapo pembeni pana nini? Umeipaka wanja?"

Wanawake wakacheka. Ritha hakucheka. Akauliza mbona Noela, mke wa Mihayo, anaingia na karai la machimboni kila jioni. Agnetha akamjibu kwamba karai la mkwe wake halijui jiko, na linang'aa kuliko uso wa anayeuliza.

Na kweli lilikuwa linang'aa. Noela alifanya kazi kule juu kilimani, kunakosagwa mawe ya dhahabu. Kutwa mikono ilikuwa ndani ya tope, akitia zebaki, ile inayokimbiakimbia kama matone ya fedha, na kuikoroga kwa kiganja mpaka ikusanye dhahabu. Jioni alishuka kisimani kusuuza karai. Vitone vilivyobaki vilimeta kidogo, kisha vikazama kwenye tope. Agnetha aliviona. Alitazama matako ya karai, hakukuta masizi, akampisha.

Noela aliposhika mimba, Agnetha alianza kumvulia kambale waliokaa kwenye dimbwi la kisima. Wengine hawakuruhusiwa kuwagusa. Alimpikia mchuzi wa nyanya chungu na ndimu, akamsimamia mpaka alambe bakuli.

Mimba ilipokuwa kubwa alikuja mtaalamu wa maji, akachota maji kwenye chupa na tope kwenye kopo, akaondoka navyo. Aliporudi alisimika kibao chekundu. Zebaki ya kilimani imeingia kisimani, alisema, na watu wasinywe. Agnetha akauliza itakuwaje wakichemsha. Mtaalamu akasema kuchemsha kunaua vijidudu, na zebaki si kijidudu. Iko kwenye tope, na kwa mama mjamzito inapita mpaka kwenye ubongo wa mtoto.

"Na kambale?" Agnetha aliuliza polepole.

"Hao ndio wabaya zaidi, mama. Hao msile kabisa."

Agnetha alimtazama Noela, aliyekuwa amekaa chini, mikono juu ya tumbo. Mikono ile ilikuwa na mtetemo tangu masika. Wote walikuwa wamesema ni uchovu wa mimba.

Kibao hakikumzuia mtu. Kisima kingine kiko ng'ambo ya barabara ya lami, mbali, na maji yake yana chumvi. Ritha alianika kanga yake juu ya kile kibao. Agnetha aliwasihi wanawake mmoja mmoja, wakamwambia maji yanaonekana mpaka chini, na yangekuwa mabaya yangekwisha kuondoka. Siku ile ile alimkuta Noela ameinama anakunywa kwa kiganja, kiu ya jua imemshinda.

Asubuhi iliyofuata Agnetha alitoa jikoni sufuria ya makande, ile iliyopikia misiba miwili bila kusuguliwa nje. Aliibeba wazi, bila kuifunika. Wanawake walipoiona waliacha kuchota. Ritha alikuwa wa kwanza kuelewa.

"Mayu," alisema, na hakuwahi kumwita mama kwa Kisukuma kabla ya siku hiyo, "usifanye hivyo."

Agnetha aliingia mpaka magotini, akaizamisha sufuria, akaisugua kwa viganja mpaka weusi ukatanda juu ya maji yote.

"Yameondoka," alisema.

Wanawake walimwaga ndoo zao, mmoja baada ya mwingine. Ritha alitema mate chini, akamwambia ameua maji ya bibi zao, na kuanzia leo wasisalimiane. Agnetha alikubali kwa kichwa. Kilimani mashine za kusaga mawe zilikuwa zimeshaanza kulia.

Wakashika njia ya barabarani yeye na Noela, ndoo tupu mikononi. Walipofika kwenye lami Noela akasimama, akajishika ubavu.

"Anacheza," alisema. "Shika hapa, mama."

Agnetha alinyoosha mkono, akaona kiganja chake kilivyo cheusi, akaurudisha chini ya kanga.