Surua Mara Tatu

Mimi ni kinyozi, na kinyozi akikwambia anazijua ngozi za watu, msikilize. Kutwa nzima nimeinamia vichwa. Najua mba, najua mapunye, najua vipele vya wembe na vipele vya joto, na mteja anayeficha upara namjua kabla hajavua kofia. Kwa hiyo surua ilipoingia mjini kwetu sikubabaika. Niliongeza spiriti, nikafua mataulo kila jioni, na nikatangaza kwamba mwenye homa asikanyage kwangu.

Aliyenitia wasiwasi alikuwa Bosi. Bosi ni binti yangu, ana miaka miwili, na jina hilo alijipatia mwenyewe kwa jinsi anavyotoa amri. Mama yake alikuwa amekwenda kwao kujifungua, safari ya kutwa nzima kwa basi, na mtoto akaja kabla ya siku zake. Wa kiume. Mdogo mno, niliambiwa kwa simu, hata soksi za mdoli zingempwaya. Hospitali ilikuwa imewaruhusu, wakawa nyumbani kwa mama mkwe, na mimi nilikuwa bado sijamtia machoni. Nilikuwa na picha tu, na katika picha zote amefunikwa hadi puani.

Bosi alikuwa akishinda kwa dada yangu. Kisha mtoto wa jirani wa dada, wanaotenganishwa na ukuta mmoja tu, akalazwa kwa surua, na dada akanipigia simu: njoo umchukue mwanao leo hii. Nikampigia mke wangu.

"Mlete huku," akasema. "Chanjo zake zote mbili kapata, na dada yangu muuguzi kaniambia mwenye chanjo mbili hana neno. Ila huyu mdogo hana hata moja, baba, na bado hafai kuchanjwa. Surua ikiingia humu ndani, sijui. Sitaki hata kufikiria. Bosi asishikwe na mtu njiani. Asikoholewe na mtu."

"Piga ua, hamgusi mtu."

"Na wewe je?"

"Mimi? Mimi si nimeugua surua mara tatu!"

Akacheka. Sikuwa nimekisikia kicheko chake tangu ajifungue, kwa hiyo nikatia na chumvi. Kisa chenyewe alikuwa anakijua. Marehemu mama yangu hakuujua ugonjwa mwingine wa ngozi zaidi ya surua. Ukitokwa na vipele, ni surua. Unafungiwa chumbani, unapakwa dawa ya rangi ya waridi mwili mzima, chakula unaachiwa mlangoni. Mimi nilifungiwa mara tatu, nikatoka mara tatu, na ukoo mzima ukanijua kuwa ndiye mtoto aliyeishinda surua. Siku walipokuja shuleni na sindano, mama alinitoa kwenye foleni mbele ya walimu: huyu wangu kashamaliza. Wenzangu walilia, mimi nikala zangu pipi.

Asubuhi ya safari niliamka na kichwa kizito na pua inachuruzika, juu ya kikohozi nilichokuwa nacho tangu juzi yake. Nililaumu spiriti. Nikameza vidonge, nikamfunga Bosi mtandio mdomoni, akauvua, nikamfunga tena, akapiga kelele "Baba, acha!" kituo kizima kikageuka kututazama.

Ndani ya basi viti vilikuwa vya watu watatu watatu. Nilimweka Bosi dirishani, nikakaa katikati, ili shari yoyote ianze na mimi kabla ya kumfikia. Kila aliyepanda nilimkagua. Mzee mwenye vipele shingoni: wembe butu, apite. Binti mwenye mabaka mashavuni: krimu za kujichubua, apite. Nilijiona mwamba. Laiti ungelikuwepo mtihani wa kutambua ngozi, ningeusahihisha mimi.

Gari likiwa bado halijatoka kituoni akaja mama mmoja kijana, begi begani na mtoto mchanga kifuani, akaketi kiti cha tatu, ubavuni kwangu. Mtoto alikuwa bado hajaweza hata kukaza shingo vizuri. Alinikodolea macho, kama watoto wanavyowakodolea watu wasiowajua, kisha akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kidogo, cha kusafisha koo tu. Mimi damu ilinichemka.

"Mama, mtoto wako anaumwa nini?"

"Haumwi, kaka. Vumbi la hapa kituoni."

"Vumbi! Surua huanza hivyo hivyo. Kikohozi, mafua, macho mekundu."

"Mbona mekundu ni yako?"

Abiria wawili watatu wakacheka. Mimi sipendi kuchekwa, tena mbele ya binti yangu. Nikainuka.

"Mimi nimeugua surua mara tatu," nikasema, kwa sauti ya kumfikia dereva. "Hainipati tena. Lakini huko ninakokwenda nina mtoto mchanga, kazaliwa kabla ya siku zake, na huyu hapa dada yake. Kondakta! Mtoe mtu huyu hapa."

Kondakta alijaribu kunituliza, akasema tusiharibiane safari. Ila neno surua lilikuwa limeshatajwa. Mmoja akafunika pua kwa shati. Mwingine akasema ashushwe kabisa, apande linalofuata. Yule mama hakubishana tena. Alimfunika mwanawe, akainuka, akapelekwa kiti cha nyuma kabisa, penye joto la injini. Alipokuwa akitoa begi lake alinitazama mara moja, na mimi nikamtazama vilevile, sikupepesa. Nilikuwa na haki yangu. Bwana mmoja mnene akahamia kiti chake, akanishika bega: "Huko ndiko kulinda familia." Kichwa kikanivimba.

Njiani nilikuwa na kazi. Nilimfuta Bosi mikono kila alipogusa kitu, na Bosi hugusa kila kitu. Nilimnyang'anya biskuti aliyopewa na bibi wa kiti cha mbele, akalia, nikampa yangu, akaitupa. Katikati ya hayo nilipiga chafya mfululizo. Mwanzoni nilikohoa kwenye kiwiko. Nilipochoka na kiwiko, nilikohoa tu. Jua lilinisumbua. Nilivuta pazia, Bosi akalifungua aone ng'ombe, nikalivuta, akalifungua. Mchana nikaanza kuhisi baridi wakati wenzangu wote wanajipepea. Nikajiambia ni uchovu wa mwanamume aliyeachwa na mtoto mdogo na kazi juu.

Tulifika jua likiwa limeshaanza kulala upande. Nyumba ya mama mkwe ina geti la bati, ua mfupi, kibaraza, na dirisha moja pana la sebuleni linalotazama nje. Getini alikuwa amesimama shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu. Ni muuguzi, alikuwa ndiyo kwanza anarudi kazini na sare yake mwilini. Mimi na yeye hatujawahi kusalimiana bila utani.

"Shemeji! Umelia njia nzima kwa kumkosa mkeo?"

"Vumbi hilo, shemeji. Tupishe tuingie."

Akanyoosha mikono ampokee Bosi. Kisha akanitazama vizuri, na kicheko kikamkatika.

"Simama hapo hapo. Usiingie."

Nikadhani bado ni utani, nikapiga hatua. Akalivuta geti likagonga.

"Nimesema simama! Una homa?"

"Uchovu tu."

"Unakohoa tangu lini?"

"Juzi. Au siku moja kabla. Shemeji, mtoto kachoka..."

"Fungua mdomo."

Nikafungua mdomo pale barabarani, watu wanapita, nami na mtoto mkononi. Akawasha taa ya simu. Mwanga ulinichoma hadi nikafumba macho na kuguna. Alilivuta shavu langu kwa kidole, akachungulia upande huu, akachungulia upande ule, kisha akaizima taa.

"Una vidoa vyeupe ndani ya mashavu."

"Vidonda vya kawaida."

"Shemeji, hiyo ni surua. Bado vipele tu, na vyenyewe viko njiani."

Nikacheka. Kweli kabisa, nilicheka. "Mimi? Mimi nimeugua mara tatu!"

"Nani kakwambia?"

"Mama."

"Na mama aliambiwa na nani?"

Nikamhamishia Bosi bega la pili.

"Hakuna mtu wa kuugua surua mara tatu," akasema. Sasa alikuwa akiongea taratibu, kama anavyoongea na wagonjwa, na hilo ndilo lililonitisha. "Ukiiugua kweli, ni mara moja na imekwisha. Wewe ulitokwa na vipele mara tatu. Joto, tetekuwanga, sijui nini. Chanjo ulipata?"

Ladha ya pipi ile ya siku ya sindano sikuikumbuka. Nilichokikumbuka ni baba mmoja aliyeniletea mwanawe kunyolewa, wiki mbili hivi zilizopita. Mtoto alichuruzika machozi na kamasi tangu anaingia, nami nikasema watoto wote hulia wakiiona mashine. Nilikibana kichwa chake kwenye tumbo langu, nikanyoa, kisha nikainama nikampuliza nywele usoni, na yeye akanikoholea. Mimi mtaalamu wa ngozi.

"Mbona hamwingii?" Ilikuwa sauti ya mke wangu, kutoka kibarazani. Nilimwona amejifunga kanga, na mikononi kuna furushi. Alikuwa anakuja, anashuka ngazi, anatabasamu.

"Rudi ndani!" nikapiga ukelele. Sikuwa nimewahi kumfokea hivyo tangu nimuoe. "Rudi! Usimtoe mtoto nje! Rudi!"

Akasimama. Uso wake ulibadilika, akanitazama kama mtu aliyepigwa bila kosa. Shemeji akageuka akamwambia neno, sikulisikia, na nilichoona ni mke wangu akilikumbatia lile furushi kwa mikono yote miwili na kurudi nyuma hadi mlango ukafungwa. Niliogopa, na sijui kama nimewahi kuogopa namna ile.

"Mweke Bosi chini, nenda kasimame ng'ambo ya barabara," shemeji akasema. "Yeye ana chanjo mbili, zitamkinga. Nitamwogesha hapa uani, nguo hizo zitaloweshwa. Atalala na bibi, na mdogo wake hatamkaribia kwanza. Wewe unakwenda kituo chetu cha afya. Nawapigia sasa hivi waandae chumba cha peke yako na walete gari. Kwanza nijibu: kwenye basi nani alikaa karibu nawe?"

"Bwana mmoja mnene. Bibi kiti cha mbele. Na mama mmoja mwenye mtoto mchanga. Ila yeye nilimfukuza."

"Ulimfukuza kwa nini?"

"Mtoto alikohoa."

"Mchanga wa kiasi gani?"

"Shingo bado."

"Na madirisha ya basi hilo yalikuwa yamefungwa?"

"Ndiyo. Bosi alifungua pazia tu."

"Waliteremka wapi?"

"Sijui. Tulipofika, kiti cha nyuma kilikuwa kitupu."

"Anaitwa nani?"

Nilijua rangi ya begi lake. Nilijua alivyomfunika mwanawe kichwa alipokuwa akipita kwenye macho ya watu. Jina sikuuliza, kwa maana nilichokuwa nikitaka kwake ni aondoke tu. "Mtampata?" nikauliza.

"Tutawapigia wenye basi," akasema, akamshika Bosi mkono.

Bosi aliogeshwa uani katika beseni, akilalamika kwamba maji baridi na sabuni mbaya. Akavishwa fulana ya mtu mkubwa iliyomfika miguuni. Mlango ulipofunguliwa naye akasikia sauti ya mama yake, alikimbia akajikwaa kwenye ile fulana, akainuka, akaingia. Hakugeuka kunitafuta. Nilifurahi kwa hilo, na liliniuma.

Nilibaki ng'ambo, nimejibanza ukutani, nikingoja gari la kituo. Homa ilikuwa imepanda sasa, meno yanagongana. Ndipo mke wangu alipotokea nyuma ya kioo cha lile dirisha pana. Alikuwa amelifungua furushi. Alimwinua mtoto juu, akamkingia kichwa kwa kiganja, akamgeuza anielekee, na akanipigia simu, ameibana kati ya sikio na bega.

"Dada kasema kioo kimefungwa, hakuna neno. Mwangalie, baba. Umemwona?"

Jua lilikuwa limegonga kioo chote. Niliona mwanga, na ndani ya mwanga kivuli cha mke wangu, na machozi ya ugonjwa yakafunika hata hicho. Nilikaza macho, yakachomwa, nikayafumba, nikajaribu tena.

"Nimemwona," nikasema.

"Kafanana na nani?"

Nikafungua mdomo nimjibu, na kikohozi kikaja, kimoja juu ya kingine, hadi nikainama nimeshika magoti. Nilipoinua kichwa alikuwa bado amemshikilia pale pale, ananingoja.

"Mwondoe dirishani," nikamwambia. "Nakuomba, mama. Mwondoe."