Jeshi la Kadibodi

Siku wazee walipokuja kuwagawia vitu mume na mke waliokuwa wanaachana, friji haikuleta maneno, kitanda hakikuleta maneno, na runinga ilibebwa ikaondoka bila mtu kuigeukia. Watu wazima wakaja kukwama kwenye maboksi mawili ya viatu yaliyojaa vifaru vya kivita vya kadibodi.

"Hivi navyo ni vya nani?" akauliza baba mdogo wa mume, aliyeombwa asimamie mgawanyo. Alikuwa ameinua kimoja kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota mjusi mfu.

"Vyangu," mke akasema.

"Vyangu," mume akasema, karibu kwa pamoja naye. Ndipo kwa mara ya kwanza wakaangaliana tangu asubuhi.

Mke alikuwa fundi miwani. Kazi yake ilikuwa nyuma ya pazia la duka, kusaga vioo na kukaza skrubu ndogo ambazo ukipiga chafya umezipoteza. Mume alikuwa msoma mita za maji, mtu wa kutembea kutwa nzima na kufukuzwa na mbwa wa watu. Ndoa yao ikiwa bado changa, mteja mmoja alisahau jarida dukani, na ndani yake fundi akaona picha ya watu wazima wamezunguka meza. Walikuwa wamepanga majeshi madogo, wanapima mwendo wa vifaru kwa rula na kupigana kwa kurusha dadu. Picha ile ilimganda kichwani. Vifaru vya plastiki vya kununua hakuviona katika duka lolote alilolijua, basi akaamua kujitengenezea.

Cha kwanza kilitoka kwenye boksi la dawa ya meno, na kusema kweli kilifanana zaidi na kiatu. Cha pili kilikuwa na nafuu. Kufika cha sita alishajua kwamba kadibodi yenye mifereji, ukiichuna ngozi ya juu ukaizungushia vifungo vya shati, inageuka minyororo ya kifaru hasa. Mrija wa juisi ulifaa kuwa mtutu wa mzinga, ila ulipinda mpaka upitishiwe kijiti cha meno ndani. Misumari ya chuma aliiiga kwa matone ya gundi nyeupe, anayadondosha kwa ncha ya sindano huku amezuia pumzi. Rangi ilikuwa ile iliyobaki baada ya kupaka ukuta, imechanganywa na masizi ya sufuria.

Jumapili mchana walikuwa wanatandika blanketi juu ya meza ya kulia, wanasukumiza vitabu chini yake viwe vilima, na vita vinaanza. Mke alichukua jeshi la kijani, mume la kahawia. Mume alishindwa karibu kila wiki, na akishindwa alijitupa kwenye kochi akijishika kifua kama aliyepigwa risasi, mke anacheka mpaka machozi. Katika mizunguko yake mume akiona kadibodi nzuri mlangoni mwa mtu, aliiomba akarudi nayo kwapani. "Jemadari," alisema akiingia, "chuma kimefika."

Kisha ikatokea nyumba ya mwanamke mmoja katika mzunguko wake ambayo mita yake haikuisha kusomwa. Majirani walijua kabla ya fundi. Alipouliza, mume hakukana wala hakuomba radhi. Alisema tu kwamba amechoka, na kwa kuwa hakusema amechoka na nini, mke hakujua ajibu nini.

Sasa baba mdogo alikuwa amekishusha kifaru mezani na anajifuta vidole kwenye suruali.

"Baba, hivyo nimevitengeneza kwa mikono yangu," mke akamwambia. "Kimoja kimoja. Muulize kama aliwahi kukata hata gurudumu."

"Kadibodi nilileta mimi," mume akasema.

"Kadibodi!"

"Na meza niliinunua mimi. Na mchezo tulicheza wote."

Baba mdogo alicheka, cheko la mtu aliyekuja kwa msiba akakuta sarakasi. "Jamani, mmetuita watu wazima kutoka makwetu, tuje kuamua maboksi? Mama, wewe umepata cherehani, umepata makochi, hata meza umepata. Michezo ya vita ni ya wanaume. Mwache naye abaki na kitu."

Fundi alimgeukia mama yake mkubwa, aliyekuja kusimama upande wake. Alingoja aseme neno. Mama mkubwa alimpapasa mgongo. "Mwachie, mwanangu," akasema kwa upole. "Ni makaratasi."

Neno lile lilimchoma kuliko yote aliyosikia katika ndoa ile. Mume aliyabeba maboksi yake, moja juu ya jingine, akatoka nayo bila kuaga.

Fundi alipanga chumba kimoja juu ya karakana ya pikipiki. Makochi hayakuenea, akayaacha kwa jirani. Meza ilienea, na juu ya meza ile akaanza jeshi jipya. Safari hii hakutengeneza kwa furaha. Alikuwa anamwona yule mwanamke ameshika vifaru vyake, anavisukuma juu ya blanketi jingine, anacheka mume akijitupa kwenye kochi. Akiona hivyo alikata kadibodi kwa nguvu mpaka kisu kikaacha alama mezani. Lakini hasira ilimpa mkono imara. Vifaru vilivyotoka vilikuwa bora kuliko vya zamani. Vichwa vilizunguka, mifuniko ilifunguka kwa bawaba za miwani, na minyororo ilikuwa na matope ya kahawa na gundi.

Alisikia dukani, kwa daktari wa meno aliyekuja kubadilisha vioo, kwamba watu wanaocheza mchezo ule wana chama na hukutana katika ukumbi wa nyuma ya maktaba. Daktari ndiye alikuwa mwenyekiti, na wenzake walimwita Jenerali. Fundi alienda. Alipofunua jeshi lake mezani, wote ukumbini wakasogea. Jenerali alivua miwani, akaivaa tena.

"Hiki ni kadibodi?"

"Ni boksi la sabuni."

"Mama, wewe unatutia aibu sisi tunaonunua."

Yalikuwa yanakuja mashindano, na fundi alikuwa na ombi moja. "Kuna mtu ana jeshi la kadibodi kama hili. Namwomba mumwalike. Nataka nicheze naye." Jenerali akampigia simu msoma mita. Hakujibu. Akampigia tena, akaambiwa ataona. Siku ziliposogea na jibu halikuja, fundi aliomba ruhusa kazini akaenda mwenyewe mpaka ile nyumba ya mita.

Yule mwanamke alimfungulia. Alikuwa mkubwa kwa umri kuliko fundi alivyomdhania, na tumbo lake lilikuwa limeshaanza kuonekana. "Karibu, dada," akasema, na sauti yake haikuwa na kejeli hata kidogo. Fundi alikuwa amejiandaa kwa kejeli. Kwa adabu hakuwa amejiandaa.

"Sikai. Namtaka yeye."

Aliyaona maboksi kabla mume hajatoka. Yalikuwa barazani, chini ya bomba la paa lililotoboka, yamelegea na kuota ukungu. Alifunua moja. Kadibodi ilikuwa imefura na kufunguka tabaka tabaka, vifungo vimebanduka, mirija imelala juu ya uji wa kijivu. Huwezi kujua lipi lilikuwa jeshi la nani.

"Mvua," mume akasema nyuma yake. Alikuwa amesimama mlangoni na kandambili. "Nilitaka kuyaingiza ndani."

"Lini?"

Mume alilisogeza boksi kwa ncha ya kandambili.

"Jenerali alikupigia kuhusu mashindano."

"Alinipigia. Mimi sichezi." Akashusha pumzi. "Mchezo ule sikuupenda hata siku moja."

Fundi alihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. "Miaka yote ile?"

"Jumapili mimi ningependa kulala kidogo. Kupima pima, kurusha rusha. Ningekwambiaje?"

"Sasa pale mbele ya wazee ulivitakia nini?"

"Kwa sababu ulivitaka." Alisema taratibu, kama mtu anayejisikiliza. "Friji hukuililia. Kitanda hukukililia. Mimi mwenyewe hukunililia. Ulikuja juu kwa ajili ya vifaru. Nikasema, basi navyo usivipate."

"Nilikuwa na kilio changu. Wewe hukuwepo kukisikia."

"Labda." Alitazama kandambili zake. "Ila tulipokuwa mezani ulikuwa unaniangalia. Tukishatoa blanketi, nabaki kama kabati. Wewe ulihitaji adui, hukuhitaji mume."

Fundi alitaka kumwambia kwamba huo ni uongo wa mtu anayetafuta pa kujificha. Alitaka pia kumkumbusha zile kadibodi kwapani, na alivyokuwa anamwita jemadari. Lakini alihofia mume atamwambia kwamba hata hilo lilikuwa kuigiza. Ndani, yule mwanamke aliita kwamba chai ipo tayari, na haikujulikana anamwita nani. Fundi alifunika boksi vizuri, kana kwamba bado kuna kitu cha kulinda, akaondoka.

Mashindanoni alimpiga kila mtu. Alicheza haraka, bila maneno, na dadu zilimtii. Mwisho alikutana na Jenerali mwenyewe, akamzibia njia kwenye vilima na kuvichoma vifaru vyake vya dukani kimoja baada ya kingine. Watu walipiga makofi. Jenerali alimpa mkono kwa heshima, lakini hakujitupa popote wala kujishika kifua, na hakukuwa na sababu afanye hivyo. Alianza kupanga vifaru vyake ndani ya sanduku lenye sponji.

"Huu si uchezaji wa juzi," akasema. "Nyumbani ulikuwa unacheza na nani?"

Fundi alikuwa anafuta vumbi kwenye mtutu. Alimaliza kuufuta, akakilaza kifaru ndani ya boksi.

"Peke yangu," akasema.