Pembe Nane Chini ya Paa la Nobue

Jana saa nane mchana Nobue Kitazume aliegemea mto mbele ya redio, na hapo hapo akaota lori jeusi linapiga hodi mlangoni kwake.

Lori hilo alilijua. Kila mtu alilijua katika mji ule mdogo wa pwani, kaskazini mwa Japani. Lilikuwa na bendera mbili na vipaza sauti vinne, na ubavuni liliandikwa kwa rangi nyeupe kaulimbiu ya enzi za vita: Pembe nane za dunia chini ya paa moja. Dereva wake alikuwa Mitsuhiko, mdogo wake Nobue. Kwa miaka thelathini aliliendesha kwa niaba ya chama kidogo kiitwacho Alfajiri Safi, akitangaza barabarani kwamba taifa limeuzwa na kwamba wageni warudi kwao.

Miaka sita iliyopita alilisimamisha mbele ya duka la Bi Pak, jirani ya Nobue, anayeuza kabichi iliyochachushwa kwa pilipili. Bi Pak alizaliwa mtaa ule ule, lakini wazazi wake walitoka Korea. Nobue alitoka na aproni yake, akasimama kati ya lori na duka, akamwambia ndugu yake azime vipaza sauti. Mitsuhiko akamwita msaliti, kwa kipaza sauti, mtaa mzima ukisikia. Tangu siku hiyo hawakusemezana.

Na jana asubuhi Chiharu, binti wa Mitsuhiko, alipiga simu kutoka hospitali. Baba yake alikuwa na saratani ya koo. Kesho yake wangemtoa zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni, na baada ya hapo asingeweza kusema tena.

"Shangazi, kama kuna neno unataka kulisikia kutoka kwake, ni sasa."

Nobue alisema angefikiri. Alimweleza Bi Pak habari hiyo wakiwa uani, kwa maneno machache, akarudi ndani, akala, akaegemea mto.

Sasa lori linapiga hodi. Nobue anafungua. Lori linainama, linavua magurudumu yake manne na kuyapanga kizingitini yakitazama nje, kama viatu vya mgeni aliyelelewa vizuri.

"Samahani kwa usumbufu," linasema. Sauti yake imekauka. "Una tangawizi?"

"Ninayo."

Linaingia na kupiga magoti mkekani. Nobue analichemshia chai ya tangawizi, nalo linazungusha kikombe mara mbili kwa adabu kabla ya kunywa.

"Nimewaleta," linasema.

"Kina nani?"

"Wale wa ubavuni kwangu."

Mlango wake wa nyuma ukafunguka, na pembe nane za dunia zikashuka na mizigo yao. Zilikuwa pembe kweli, kila moja kuta mbili zilizokutana, na vumbi kidogo pale chini. Moja ilikuwa ya Korea. Moja ilikuwa ya Manchuria, huko kaskazini mwa China, nayo ilikuwa na theluji. Ya visiwa vya kusini ilikuwa imelowa chapachapa kwa sababu, ilieleza, ilikuwa chini ya bahari tangu meli yake izame. Nyingine hazikujitambulisha, zilikuwa zimechoka na safari.

"Imeandikwa paa moja," lori lilisema. "Sikuambiwa paa la nani. Nimezunguka miaka thelathini nikitafuta lenye nafasi."

"Langu linavuja jikoni."

"Haikuandikwa kwamba lisivuje."

Shida ilikuwa pembe za nyumba yenyewe. Zilikuwa nne, nazo zilikuwapo tangu nyumba ijengwe. Nobue aliziomba zisogee kidogo, zikasogea bila neno, na chumba kikawa na pembe kumi na mbili.

Pembe ya Korea ilikuwa bado mlangoni, haijatua mzigo. "Mkuu wa familia ni nani?" iliuliza. "Zamani tuliambiwa ninyi ndio wakubwa na sisi ndio wadogo. Nataka kujua kabla sijakaa."

Lori likatazama sakafu. "Nilikuwa nikilitangaza hilo," likasema. "Sikuwahi kuuliza maana yake."

"Katika nyumba hii mkuu ni anayepika," Nobue alisema, "naye hula mwisho. Kaa unapopenda. Ukitaka kusimama, simama."

Pembe ya Korea ilifikiri. Ikasema itasimama, ila itakula.

Nobue anapika wali. Anatoa kabatini mabakuli kumi ya wageni, yale ya marehemu mama yake. Anapogeuka, Mitsuhiko yuko mezani. Amevaa sare ya chama, vifungo viwili vimekatika, na shingoni ana bendeji. Anafungua kinywa. Hakitoki kitu.

"Sauti yake ninayo mimi," lori linasema. "Aliniachia kila jioni, nami sikujua pa kuiweka. Imebaki ya sentensi moja. Nyingine yote tuliimaliza barabarani."

Nobue anaingiza mkono ndani ya kipaza sauti hadi kwenye kiwiko. Anaipata. Ni ndogo, ina joto la yai lililotagwa sasa hivi. Alitarajia kitu kikubwa zaidi. Anaiweka ndani ya bakuli tupu, anafunika kwa kisahani, anamsogezea ndugu yake.

Anajua anachotaka kusikia. Neno "dada" peke yake lingemtosha. Hathubutu kusema.

Mitsuhiko anafunua bakuli. Anamtazama dada yake kwa muda mrefu. Kisha anaigeukia pembe yenye theluji na kuuliza, kwa sauti ya ujana wake, aliyokuwa nayo kabla ya lori: "Baba alifanya nini kwenu?"

Nobue alihisi uchungu, halafu ukapoa. Baba yao alirudi kutoka vitani Manchuria na vidole saba, na hakusema lolote kuhusu huko mpaka akafa. Kila mwaka mpya Mitsuhiko alimwuliza, na kila mwaka mpya mzee aliinuka na kwenda kutazama bustani. Wanaume wa Alfajiri Safi walipokuja, walikuwa na majibu tele, na yote yalikuwa mazuri.

Jiko sasa limekuwa uwanda mweupe usio na mwisho. Birika linaendelea kuchemka.

"Alilala kwangu majira mawili ya baridi," pembe inasema. "Alikuwa na bunduki. Kando ya mto palikuwa na nyumba nne, na yeye na wenzake walipoondoka hazikuwapo. Najua, kwa sababu mimi ni pembe ya mojawapo."

Mitsuhiko hana sauti tena. Nobue anauliza kwa niaba yake. "Alijuta?"

"Sijui. Siku moja alirudi peke yake, akanipangusa theluji kwa mikono mitupu mpaka jua likazama. Vidole aliviacha hapo. Sisemi kwamba inatosha."

Mitsuhiko anainuka. Anakunja mikono ya sare yake, anaanza kukusanya mabakuli, kila moja kwa mikono miwili na kichwa chini. Anaanza na la pembe ya Korea. Inamwachia achukue, bila kumtazama.

Wanaosha pamoja. Karo sasa liko katika korido ndefu ya hospitali, manesi wanapita na vitoroli vyao. Lori limelala mkekani.

"Siku ile nilisimama mbele yako si kwa sababu nakuchukia," Nobue anasema. "Nilikuwa nakungoja ushuke."

Mitsuhiko anaacha maji yatiririke. Anaweka mkono wake uliolowa juu ya mkono wa dada yake, anauacha hapo.

Nobue aliamka redio ikisoma hali ya hewa. Mkeka ulikuwa mkavu. Kizingitini palikuwa na ndara zake tu. Aliingia jikoni kunywa maji, na kando ya karo, juu ya kitambaa, mabakuli kumi ambayo hayakutoka kabatini tangu msiba wa mama yake yalikuwa yamepinduliwa, yanachuruzika maji.

Bi Pak aliingia kwa mlango wa uani na sahani ya kabichi. Akayaona.

"Ulikuwa na wageni?"

"Mitsuhiko alikuja."

Bi Pak aliweka sahani mezani taratibu. "Alisema nini?"

"Mimi hakuniambia kitu. Aliosha vyombo."

Bi Pak alichukua taulo, akafuta bakuli moja ndani na nje, akaliweka kabatini. "Mimi sitakwenda kumwona, Bi Kitazume."

"Najua. Wala sitakuomba."

"Haya nitayamaliza." Akachukua la pili. "Wewe wahi treni ya saa kumi."

Nobue akavua aproni, akampigia Chiharu simu, akamwambia amwekee kiti karibu na kitanda.