Kipande cha Luteni Magige

Luteni Magige alikuwa amechoka, uchovu ule usioondoka kwa usingizi. Daktari alishamwambia figo zimegoma, naye hakubisha. Mtu aliyewahi kubishana na mizinga hana haja ya kubishana na figo.

Watu wa kijiji chake cha Matongo walimheshimu kwa nishani yake ya wanamaji, ingawa wazee wenzake walimtania kwamba nishani si ng'ombe, haikamuliwi. Aliipata katika vita vya Kagera. Boti ya wenzake ilipigwa katikati ya Ziwa Victoria, naye akaigeuza yake kuelekea kwenye moto uleule, akaokota majeruhi. Alipomaliza kuwaokoa akarudi tena kuokota maiti. Mkubwa wake alimfokea kwenye redio kwamba wafu hawana haraka. Magige alimjibu kwamba kila mtu ana kwao, na hakuna mama wa kulilia shati tupu. Wote wakazikwa makwao.

Miaka ikapita, akastaafu, dhahabu ikagunduliwa kijijini. Matongo ikafurika wageni, na mwanawe Marwa, kama vijana wote, akatupa jembe akashika sululu. Boma la mzee likaliwa na mashimo kidogo kidogo: shamba la mtama, kisha zizi, kisha uwanja. Kikabaki kipande kimoja kando ya kaburi la mama wa mzee huyo. Hapo ndipo Magige alipotaka kuzikwa, na nyumba nzima ilijua.

Asubuhi moja Marwa alikuja, vumbi hadi kwenye kope. Akatoa shikamoo, akachuchumaa, akazungusha maneno mpaka yakamwishia. Mwamba wa dhahabu ulikuwa umeelekea kwenye kile kipande. Kaburi la bibi wasingeligusa, alisema. Lakini shamba halikuwepo tena, na watoto hawashibi sifa za babu yao.

"Na mimi mtaniweka wapi?" Magige aliuliza.

"Tutakununulia mahali kule mjini Nkende, tata. Tutakujengea kwa saruji," Marwa alimwambia baba yake.

Ilimuuma kuliko vita. Aliitazama mikono yake, iliyowatoa watu majini ili wakalale kwao. Nguvu ya kugombana hakuwa nayo, na njaa ya wajukuu aliiona kila siku kwa macho yake.

"Chimba, mura," alimwambia mwanawe. "Ila dhahabu ikiisha, shimo usilifukie. Mtaniweka humo."

Marwa alikuwa ameipata ruhusa aliyoifuata. Lakini alibaki amechuchumaa palepale.