Disketi ya Mwalimu Hezron

Mwaka 2003 nilikuwa nimechoshwa na kompyuta za watu. Nasema mapema ili usije ukanidhania mtu mwema. Tukuyu nzima fundi nilikuwa mimi peke yangu, Husseni, na kila mwenye ndugu Dar es Salaam alikuwa ameletewa kompyuta ya mtumba, maana soko lilikuwa limefunguliwa na vitu vinaingia tu. Mvua zetu nazo hazina haya. Ukungu uliota kwenye viatu, ukaota kwenye Msahafu wa marehemu baba, ukaingia hadi ndani ya disketi. Kompyuta ikizima, naitwa mimi.

Jumanne moja akanipigia simu Ackson, kutoka Dar. Baba yake, Mwalimu Hezron wa Isongole, alikuwa amepigwa na kiharusi na hasemi tena.

"Lakini anaionyesha kompyuta kwa mkono," Ackson alisema. "Anataka asomewe kitabu chake. Daktari katuambia tujiandae. Na kompyuta haiwaki, fundi. Nakuomba sana."

Kitabu hicho nilikuwa nakijua. Mwalimu alipofuka macho uzeeni, aliona wajukuu wote wanazaliwa Dar na hakuna anayejua mababu zake wamezikwa wapi. Basi kwa miaka miwili, kila jioni, alikaa akimtamkia binti yake Ikupa habari za ukoo: nani kamzaa nani, kafa mwaka gani, kaoa kwa ng'ombe wangapi. Baba anasema, binti anachapa. Kompyuta kailipia Ackson, kuifunga nilikwenda mimi.

Kesho yake asubuhi nikadandia lori lililokuwa linapanda Isongole kuchukua viazi. Ikupa nilimkuta shambani, jembe mkononi, matope hadi magotini. Alikuwa amevuka arobaini, ameachika, na shamba lote lile lilikuwa linamtegemea yeye.

"Ndaga, kaka Husseni, kwa kuja," alishukuru, na uso wake haukuonyesha furaha yoyote.

Nikaiwasha kompyuta. Kioo cheusi, na mstari mmoja wa Kiingereza unaosema haioni pa kuanzia. Umeme ulikuwa umekatika ghafla, mafaili ya kuiamshia yakaharibika. Si msiba huo. Unaingiza disketi ya kuwashia, mashine inaamkia kwenye disketi, halafu unayarudishia yale yaliyoharibika. Disketi yenyewe niliwatengenezea siku ileile niliyoifunga.

"Iko wapi ile disketi niliyokuachia?"

"Ipo. Nimeitunza vizuri."

Nikamfuata jikoni. Alipanda kigoda, akapeleka mkono juu darini, pale mahindi ya mbegu yanaponing'inia juu ya moto, meusi kwa masizi. Katikati ya mahindi akachomoa mfuko wa nailoni. Ndani yake disketi ilikuwa imepinda kama chapati iliyoungua.

"Ikupa! Nani alikwambia uweke kitu hiki juu ya moto?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Ulisema, itunzeni kama mnavyotunza mbegu, isiingie ukungu."

Nikakumbuka. Siku ile pia nilikuwa nimechoka, nikatafuta neno zuri la kuagia ili niwahi gari. Kwetu sisi, wana wa wauza vitambaa, mbegu ni kitu unachonunua dukani. Kwao mbegu inakaa kwenye moshi, isiliwe na wadudu wala isishike unyevu. Mwanamke wa watu alikuwa ametii neno kwa neno. Nilijikasirikia, na kwa kuwa mtu hawezi kujifokea mwenyewe mbele ya watu, nikamfokea yeye tena.

Alishuka kwenye kigoda, akasema taratibu, "Basi, kaka. Tumwambie imeshindikana."

Alisema hivyo kama mtu anayetua mzigo. Mwalimu alikuwa amelazwa sebuleni, uso kaelekeza kwenye mashine, mkono wa kushoto, uliobaki mzima, unapapasa ukingo wa kitanda. Sijui nini kilinisukuma. Nikamwambia, "Kesho, Mwalimu. Kesho utasomewa."

Nikarudi Tukuyu najilaani. Dukani nilikuwa na mashine yenye Windows ya aina ileile na boksi la disketi kumi. Kazi yenyewe ni ndogo: unafungua pale pa kuongeza na kuondoa programu, unachagua kutengeneza disketi ya kuwashia, unasubiri. Nilisubiri sana. Ya kwanza ilikataa, ya pili ikakataa, zote zimeliwa na ukungu. Ya nne ilifika katikati, umeme ukakatika. Nilikaa gizani saa nzima nikisikiliza mvua juu ya bati na kujiuliza kwa nini sikuuza vitambaa kama baba. Ya saba ndiyo iliyokubali. Niliijaribu mara mbili, nikaiviringisha kwenye nailoni, nikaitia mfuko wa shati.

Asubuhi nikawa tena Isongole. Disketi ikakoroma ndani ya mashine, herufi ikatokea kiooni na kale kamstari kanakopepesa. Nikaandika amri ya kurudishia mafaili, nikachomoa disketi, nikawasha upya. Picha ya mawingu ikaja, na ule muziki wake mfupi. Mwalimu aliusikia. Alitoa sauti kooni, machozi yakamtoka, na uchovu wangu wote ukaniacha papo hapo. Nilifurahi, nasema kweli, nilifurahi kama mtoto.

Nikafungua kitabu. Kurasa mia moja na arobaini! Nikaanza kuzipitia. Ukurasa wa kwanza mzuri, wa tano mzuri, wa kumi na moja mzuri. Wa kumi na mbili ulikuwa umeandikwa hivi: fjfjfj dkdkdk fjfjfj. Wa kumi na tatu hivyohivyo. Nikashuka hadi mwisho wa kitabu. Hapakuwa na neno.

Nikageuka. Ikupa alikuwa amesimama nyuma yangu, kidole mdomoni. Akanivuta jikoni.

"Mashine haikuharibu kitu," alinong'ona. "Ni mimi. Nilikuwa natoka shambani mikono inatetemeka, kaka. Kuandika neno zima kulinishinda. Lakini tata, kwa upofu wake, alikuwa anasikiliza vitufe. Vikinyamaza, na yeye ananyamaza, anasema, umechoka mwanangu, tuache. Sikutaka aache. Nikawa nabonyeza tu." Alijifuta uso kwa khanga. "Kila siku nasema, kesho nitaandika kweli."

Sebuleni mkono ulianza kupiga kitanda: someni.

Ikupa alikwenda, akaketi mbele ya kioo. Akasoma kurasa kumi na moja, sauti yake kavu. Zilipokwisha niliinamisha kichwa, nikangoja aibu itushukie sote.

Lakini hakunyamaza. Macho yake yalikuwa juu ya fjfjfj dkdkdk na mdomo unaendelea, kwa mwendo uleule. "Ambilikile alizaa wanne. Wa pili, Lusungu, alikufa mwaka wa njaa, kazikwa Kinyala, chini ya migomba ya mjomba wake." Ukurasa baada ya ukurasa aliushusha kama anausoma. Jioni zote zile mikono yake ilikuwa imelala lakini masikio yalikuwa macho.

Kuchapa nisingeweza, vitufe vingetusaliti. Nikatoa daftari langu la kazi na kalamu, nikaketi sakafuni, nikaanza kuandika mbio kwa kadiri ya mkono wangu.

"Lukasi alioa kule Masukulu," Ikupa alisema, "kwa ng'ombe saba."

Mwalimu akapiga kitanda kwa nguvu.

Ikupa alimtazama. "Nisamehe, tata. Wanane."

Mkono ukatulia. Nikafuta saba, nikaandika nane.