Mlinzi wa Mlango wa Nyuma

Wiki ya tatu tangu kiwanda cha nguo kilichokufa kigeuzwe soko, fundi viatu alikuwa anashona kandambili ya mteja pale zilipokuwa mashine, mkewe akaingia kazini. Mkewe alifariki miaka kumi na mmoja iliyopita, humo humo, siku moto ulipowaka na mlango wa nyuma ukakutwa umefungwa kwa mnyororo, maana wakubwa waliogopa wafanyakazi wataiba vitambaa.

Alikuja na aproni yake, ananuka moshi kidogo. Akamwambia mumewe kola ya shati lake ni aibu, kisha akaenda kuusukuma mlango wa nyuma. Ulikuwa umepakwa rangi na kuchorwa maua, ila mnyororo ulikuwa ule ule. Wakubwa wapya hawakutaka wateja watoke bila kupita maduka ya mbele.

Akasukuma kutwa. Kesho yake, tena. Muuza vitunguu wa hapo alilalamika kwamba anazibiwa wateja.

"Shoga, wewe si marehemu? Pita ukutani tupumzike."

"Mimi nitapita. Na nyinyi je?"

Muuza vitunguu akautazama umati, akahamishia meza yake karibu na lango la mbele.

Fundi akafunga kibanda, akaenda kwa meneja. Miaka ile aliuona mnyororo akanyamaza, na kimya hicho ndicho kilichomfanya mgane. Safari hii alisema yote: mlango ufunguliwe, mke wake apumzike, na watu hawa wasije wakamfuata. Meneja alimsikiliza vizuri, kama wakubwa wanavyosikiliza wakishakataa. Akashuka mwenyewe, akamwamkia marehemu, akampa pole. Alasiri akarudi na sare ya bluu, filimbi na kitambulisho. Kwenye picha ulitokea moshi mtupu, lakini mhuri ulikuwa halali.

"Mzee, tumemaliza. Kuanzia leo mama ni mlinzi wa mlango."

"Na ufunguo?"

"Mlango una mlinzi, mzee wangu. Ufunguo wa nini tena?"

Wafanyabiashara wakapiga makofi. Sare ilimkaa mkewe vizuri, hilo fundi hakulikataa. Tangu hapo hufika kabla ya wote, hupuliza filimbi, husukuma mlango mpaka jioni. Wateja walipolalamikia kelele za mlango, meneja alichukua hatua siku hiyo hiyo: mnyororo ukapakwa grisi.